Bima ya macho Marekani: namna ya kuitumia kuanzia simu ya kwanza hadi miwani mpya

Swali ninaloulizwa ni lile lile, sauti tu ndiyo inayobadilika: "Nakatwa hela ya bima ya macho kila mshahara, mbona nimeambiwa nilipe dola mia tatu za miwani?" Nikifuatilia, mara nyingi nakuta mtu hakuibiwa. Alianza mwisho tu. Alichagua fremu, akapimwa, kisha ndipo akauliza bima inalipa nini.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayeishi Marekani, mwenye bima ya macho ya kazini au aliyojinunulia. Watoto na wazee wa Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) wana sehemu yao, maana taratibu zao ni nyingine kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujashika simu

- Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya uanachama ya mwenye bima. Kama bima ni ya mwenzi wako, taarifa zinazotakiwa ni zake, si zako. Ofisi nyingine huomba tarakimu nne za mwisho za namba yake ya Social Security.
- Kadi ya bima ya macho na kadi ya bima ya afya, zote mbili. Mipango mingi ya macho haitoi kadi kabisa. Usihangaike, jina na tarehe ya kuzaliwa vinatosha kukutafuta kwenye mfumo.
- Jedwali la mafao, yaani ile karatasi inayoonyesha bima inalipa nini na mara ngapi. Lipo kwenye tovuti ya bima au kwa watu wa rasilimali watu kazini kwako.
- Miwani unayovaa sasa, hata kama imefungwa kwa gundi.
- Orodha ya dawa unazotumia na magonjwa uliyonayo, hasa kisukari na shinikizo la damu.
- Kadi ya FSA au HSA, zile akaunti za kuwekea hela ya matibabu isiyokatwa kodi, kama unayo.
- Miwani ya jua, na mtu wa kukurudisha nyumbani.
- Daftari. Utaandika majina, tarehe na tarakimu, na siku ya ubishi hilo daftari ndilo litakalokutetea.

## Hatua ya 1: Tenganisha bima ya macho na bima ya afya

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Marekani, bima ya macho kwa kawaida ni mkataba wa peke yake. Inalipia mambo ya kawaida: kupimwa kwa ajili ya miwani, lenzi, na sehemu ya bei ya fremu. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiwa na presha au limeathiriwa na kisukari, hayo ni ya bima ya afya.

Kwa hiyo unaweza kwenda kwa daktari yule yule, kwenye kiti kile kile, ukatoka na ankara ya bima tofauti kabisa na uliyoitegemea. Tutalirudia hili kwenye hatua ya 4 kwa sababu ndilo linalowagharimu watu zaidi.

Utajua umeimaliza hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: bima yangu ya macho ni ya kampuni fulani, bima yangu ya afya ni ya kampuni fulani.

## Hatua ya 2: Ipigie simu bima yenyewe, si duka

Duka litakuambia linachokiona kwenye skrini yake. Bima ndiyo inayoujua mkataba wako. Piga namba ya wanachama, na kama Kiingereza cha bima kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili kabla ya jambo lolote. Kampuni nyingi zinao kwa simu na hulipi chochote. Hata kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu, kama za Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na Medicare, zinatakiwa kisheria kukupatia mkalimani bure. Usimfanye mtoto wa darasa la tano akutafsirie habari za retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho.

Uliza haya, na andika majibu:

1. Kipimo cha macho kinalipiwa kila baada ya muda gani, na mimi nastahili kuanzia tarehe ipi? Mipango mingine huhesabu mwaka wa kalenda, mingine huhesabu miezi 12 kamili tangu ulipopimwa mara ya mwisho. Ulipimwa tarehe 20 Machi, ukarudi tarehe 12 Machi mwaka unaofuata, umewahi kwa siku nane na utalipa mwenyewe.
2. Lenzi na fremu je? Mara nyingi lenzi ni kila mwaka, fremu ni kila mwaka au kila miaka miwili. Usichukulie kwamba vinakwenda pamoja.
3. Kopei ya kipimo ni kiasi gani, na kopei ya miwani ni kiasi gani? Kopei ni ile hela unayochangia wewe hata bima ikilipa. Mara nyingi ziko mbili, na watu husikia moja tu.
4. Posho ya fremu, yaani kiasi ambacho bima inachangia kwenye bei ya fremu, ni dola ngapi, na nikiizidi napata punguzo gani kwenye kilichozidi? Je, ni ile ile kwenye kila duka? Kuna mipango ambayo posho hupungua ukinunua kwenye maduka makubwa ya jumla.
5. Mipako na aina za lenzi zinalipiwaje: polikaboneti (plastiki isiyopasuka kirahisi), mpako wa kuzuia mng'ao, lenzi za progresivu (za kuona mbali na karibu bila mstari)?
6. Nikitaka lenzi za kuvaa ndani ya jicho (contact lenses), nalazimika kuacha miwani mwaka huu? Kwa mipango mingi jibu ni ndiyo: unachagua kimoja.
7. Nikienda nje ya mtandao wenu, yaani kwa daktari au duka lisilo na mkataba nanyi, mnanirudishia kiasi gani?

Mwisho omba jina la aliyekuhudumia na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Ukikata simu ukiwa na tarakimu tatu, yaani kopei mbili na posho, pamoja na tarehe moja ya kuanza kustahili, hatua imekamilika. Ukikata simu ukiwa na "wamesema inalipia karibu yote," piga tena.

## Hatua ya 3: Tafuta daktari na duka vilivyo ndani ya mtandao

Tumia orodha ya kwenye tovuti ya bima, halafu upigie ofisi yenyewe kuthibitisha, kwa sababu orodha hizo huchelewa kusahihishwa.

Angalia unavyouliza. "Mnapokea bima hii?" na "Mko ndani ya mtandao wa bima hii?" ni maswali mawili. Ofisi inaweza kupokea bima yako kwa maana kwamba itakusaidia kujaza fomu, huku ikikutoza bei kamili. Unalotaka kusikia ni kwamba wako ndani ya mtandao, na wautaje mpango wako kwa jina, kwa kuwa kampuni moja ya bima inaweza kuwa na mitandao kadhaa.

Lingine: daktari aliyemo ndani ya duka la miwani mara nyingi amejiajiri na amepanga chumba tu. Daktari anaweza kuwa ndani ya mtandao na duka likawa nje, au kinyume chake. Uliza kwa kila upande.

Unapoweka miadi, sema wazi kuwa unakuja kwa kipimo cha kawaida cha macho kwa ajili ya miwani na kwamba utatumia bima ya macho. Waombe wahakiki mafao yako kabla ya siku hiyo, si asubuhi umesimama mbele ya dirisha.

## Hatua ya 4: Siku ya kupimwa

Msaidizi wa daktari atakuuliza: "Nini kimekuleta leo?" Linasikika kama salamu, kumbe ndilo swali linaloamua ni bima ipi itakayotozwa.

Ukijibu kwamba vibao vya barabarani unaviona kwa ukungu na unataka miwani, hicho ni kipimo cha kawaida. Ukijibu kwamba jicho linawasha na linatoka machozi wiki ya pili sasa, umekuwa mgonjwa, na ziara inaweza kupelekwa bima ya afya. Huko huenda kuna kiasi unachotakiwa kukimaliza mwenyewe kabla bima haijalipa hata senti. Tena kule kupimwa namba za miwani huhesabiwa kama huduma ya peke yake, na bima nyingi za afya haziilipii.

Sikwambii ufiche ugonjwa. Kama jicho linauma, liseme, na ikibidi panga ziara mbili. Na ukiona vimulimuli, vidoa vyeusi vingi vilivyozuka ghafla, au kama pazia limeshuka upande mmoja wa jicho, usingoje miadi wala usihesabu kopei; nenda siku hiyo hiyo. Hizo zinaweza kuwa dalili za retina kubanduka.

Kwa wengine wote, kuna swali moja la kumrudishia msaidizi kabla hujakaa kwenye kiti: "Ziara ya leo mnaipeleka bima ipi?" Akisita, mwache akaulize.

Kisha inakuja picha ya retina. Watakuambia mashine inapiga picha nyuma ya jicho na huhitaji matone, ila bima hailipii, ni ada kidogo. Picha hizo zina faida yake, lakini mara nyingi ni hiari. Uliza kama matone ya kupanua mboni yamo kwenye kipimo chako bila nyongeza. Matone ni kero: utaona karibu kwa ukungu kwa saa kadhaa na jua litakuchoma, ndiyo maana nilikuambia ubebe miwani ya jua na uwe na wa kukuendesha. Ila mara nyingi yamo kwenye kopei uliyokwisha kulipa. Kama daktari mwenyewe anasema wewe unahitaji picha kwa sababu fulani, msikilize. Ninayekutahadharisha naye ni yule wa mapokezi anayekuwekea alama ya ndiyo kwenye fomu kabla hujaisoma.

Kwenye kipimo chenyewe, daktari atabadilisha vioo na kuuliza, "Kipi kizuri, cha kwanza au cha pili?" Huu si mtihani wa shule. Ukiona viko sawa, sema viko sawa. Watu wanaobahatisha ili wasionekane wajinga ndio wanaorudi baada ya wiki mbili wakilalamika sakafu imepinda.

## Hatua ya 5: Ondoka na karatasi ya vipimo mkononi

Hii ni haki yako, huiombi kama hisani. Kanuni ya miwani ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, inamtaka aliyekupima akupe nakala ya vipimo vyako mara tu baada ya kipimo, bila kuomba, bila ada ya ziada, na kabla hajakuonyesha miwani ya kuuza. Kanuni hii ilianza mwaka 1978, na marekebisho ya 2024 yaliongeza kwamba anayeuza pia miwani akuombe saini kuthibitisha umeipokea. Usitie saini kama hujaiona karatasi yenyewe.

Hakuna anayeweza kukulazimisha kununua pale ulipopimiwa. Karatasi ikiwa mkononi, duka lolote ni lako.

Isome kabla hujatoka. OD ni jicho la kulia, OS ni la kushoto. SPH ni nguvu ya lenzi: alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha ni ya asiyeona karibu. CYL na AXIS huja pamoja kwa mwenye jicho lisilo na mviringo kamili. ADD ni nyongeza ya kusomea, kwa kawaida kwa waliovuka arobaini. Hakikisha kuna tarehe ya kipimo, tarehe ya kuisha na saini.

Kitu ambacho huenda hakipo ni PD, umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Kanuni ya FTC hailazimishi kiandikwe. Kiombe kwa upole, maana utakihitaji ukiagiza miwani kwa intaneti.

## Hatua ya 6: Chagua fremu na lenzi ukiwa na kalamu

Hapa ndipo hela inapopotea. Mbele yako kuna ukuta wenye taa nzuri, kioo kinachokupendezesha, na muuzaji anayepanga fremu ulizozipenda kwenye trei ndogo yenye kitambaa. Bei iko kwenye kikaratasi kidogo kilichoning'inia kwenye mkono wa fremu, kimegeukia ndani. Kigeuze.

Anza kwa kusema: "Nionyeshe kwanza zilizo ndani ya posho yangu." Tuchukue mfano. Posho ni dola 150, punguzo la kilichozidi ni asilimia 20, kopei ya miwani ni dola 25, na mpako wa kuzuia mng'ao unalipia dola 65.

Ukichukua fremu ya dola 220, umezidi posho kwa 70. Toa asilimia 20, unabaki na 56. Ongeza 25 za kopei na 65 za mpako: dola 146. Ukichukua fremu ya dola 150 na mpako ule ule, unalipa 90. Ukiacha mpako, unalipa 25 tu. Bima ni moja, tofauti ni vidole vyako pale ukutani.

Sasa lenzi. "Lenzi zinalipiwa" maana yake kwa kawaida ni lenzi za plastiki za kawaida, wazi, zisizo na nyongeza. Kila jina jipya muuzaji analolitaja lina bei yake:

- Polikaboneti ni nyepesi na haipasuki kirahisi. Inafaa watoto, wanamichezo na wenye jicho moja linaloona. Kwa watoto mipango mingi huilipia.
- Lenzi nyembamba zenye namba kama 1.67 ni za wenye vipimo vikubwa. Kama SPH yako ni -1.50, hutaona tofauti.
- Mpako wa kuzuia mng'ao unasaidia kweli kwa anayeendesha usiku. Kwangu huu ndio wa kwanza kulipia.
- Kuzuia mwanga wa buluu wa skrini: hifadhi hela yako. Chuo cha Marekani cha Madaktari wa Macho, AAO, hakipendekezi miwani maalumu ya kompyuta.
- Progresivu, zile za kuona mbali na karibu bila mstari, zina madaraja. Bima huweza kulipia daraja la kawaida huku duka likikupa la juu. Uliza: "Hili ni daraja gani, na daraja la chini yake ni bei gani?"
- Lenzi zinazogeuka nyeusi juani ni starehe, lakini ndani ya gari nyingi hazigeuki vizuri, kwa kuwa kioo cha mbele huzuia mwanga unaozigeuza.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipia mipako mitatu ambayo sikujua ninayo hadi nilipokaa kwenye gari na kuisoma risiti. Nilikuwa nimeitikia kwa kichwa tu huku macho yamejaa matone. Tangu siku hiyo, sichagui miwani siku ya kupimwa. Narudi siku nyingine, naona vizuri, kichwa kimetulia, karatasi mfukoni.

Kwa wanaotaka lenzi za kuvaa ndani ya jicho, jueni kuna ada ya kupimiwa lenzi hizo juu ya kipimo cha kawaida, na bima nyingine huilipia nusu nusu. Iulize mapema.

## Hatua ya 7: Lipa, lakini kwanza omba mchanganuo

Kabla kadi haijatoka mfukoni, omba karatasi inayoonyesha mstari kwa mstari: bei ya kila kitu, bima imelipa nini, wewe unadaiwa nini. Ilinganishe na daftari lako. Ikitofautiana, onyesha uliyoandikiwa na bima, taja tarehe na jina la mtu uliyezungumza naye. Nimeona tarakimu zikishuka pale pale dirishani kwa sababu ya daftari.

Usichanganye bima na ofa ya dukani bila kuuliza. Maduka mengi hayakuruhusu kutumia vyote viwili. Piga hesabu zote mbili. Kuna nyakati ofa ya miwani miwili kwa bei moja, bila bima kabisa, ni nafuu zaidi, na mafao yako yanabaki kwa ajili ya baadaye mwaka huo huo.

Kinachobaki unaweza kukilipa kwa FSA au HSA, kwa kuwa kipimo cha macho, miwani ya vipimo na lenzi za jichoni ni gharama za matibabu zinazokubalika na mamlaka ya kodi, IRS. Tofauti kubwa: hela ya HSA inabaki yako mwaka hadi mwaka, ya FSA kwa kawaida hupotea mwaka wa mpango ukiisha, isipokuwa mwajiri ameruhusu muda wa nyongeza au kuhamisha kiasi fulani. Mwenye FSA asingoje wiki ya mwisho ya Desemba.

## Hatua ya 8: Ukinunua nje ya mtandao wa bima au kwa intaneti

Utalipa yote kwanza, halafu utadai. Pakua fomu ya madai ya nje ya mtandao, ambatanisha risiti yenye mchanganuo, jina la mgonjwa, tarehe ya huduma, na kipimo, fremu na lenzi kila kimoja na bei yake. Risiti ya kadi inayosema jumla tu hurudishwa. Angalia mwisho wa kudai, na piga picha kila karatasi kabla ya kuituma.

Usitegemee kurudishiwa yote. Kiwango cha nje ya mtandao huwa kidogo.

## Watoto na wazee

Mipango ya bima ya afya ya watu binafsi na waajiri wadogo chini ya sheria ya ACA (Obamacare) inatakiwa kujumuisha huduma za macho kwa watoto chini ya miaka 19. Medicaid hulipia vipimo na miwani kwa walio chini ya miaka 21. Mzazi, angalia huko kabla ya kununua bima ya macho ya mtoto. Kwa watu wazima wa Medicaid, kila jimbo lina utaratibu wake.

Medicare ya kawaida hailipii kupimwa kwa ajili ya miwani. Lakini Part B, sehemu yake ya huduma za daktari, hulipia uchunguzi wa macho wa kila mwaka kwa mwenye kisukari, na kipimo cha glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho) kila miezi 12 kwa walio kwenye hatari zaidi, wakiwemo Wamarekani weusi wenye miaka 50 na kuendelea. Pia hulipia sehemu ya miwani mmoja yenye fremu ya kawaida baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho uliowekewa lenzi ndani. Wenye Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni binafsi, mara nyingi wana mafao ya macho ya ziada; wapige simu kama kwenye hatua ya 2.

## Hatua ya 9: Siku ya kuichukua

Usiivae ukakimbia. Kaa, waiweke sawa puani na masikioni. Soma kitu cha karibu, tazama cha mbali kupitia dirishani, fumba jicho moja moja. Waombe waipime lenzi kwa mashine wailinganishe na karatasi yako.

Kizunguzungu kidogo siku za kwanza ni kawaida, hasa kwa progresivu. Ipe kama wiki mbili ukiivaa mfululizo. Kikizidi hapo, rudi na uombe kupimwa upya au kutengenezewa lenzi nyingine. Maduka mengi hufanya hivyo bure ndani ya muda waliouweka, kwa hiyo uulize muda huo siku unayolipa.

Baada ya hapo bima itakutumia maelezo ya malipo. Juu yameandikwa kwamba hiyo si ankara, na kweli si ankara, usiilipe. Angalia mstari unaoonyesha wajibu wa mgonjwa: tarakimu hiyo ilingane na uliyolipa dirishani. Ikiwa ndogo kuliko ulicholipa, duka lina hela yako. Peleka nakala na uidai.

Halafu fungua daftari, andika tarehe utakayostahili kipimo kingine, na uongeze siku moja juu yake.